Imani ya Mzazi Hupimwa Nyumbani

Katika visiwa vya Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, wako watoto wengi wanaohesabu siku za baba kwa kuutazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwanga wa taa unapoweza kuwavuta hadi penye wavu. Mwezi ukipevuka na kuliangaza ziwa lote, taa hukosa kazi, na wavuvi huivuta mitumbwi yao nchi kavu wakapumzika. Hapo ndipo baba anaporudi kutoka kambini. Hukaa nyumbani siku chache, kisha mwezi huanza kupungua, giza hurejea, naye huondoka tena. Mama hubaki na watoto, na shamba la mihogo, na deni la dukani.

Safu hii leo inapenda kuzungumza juu ya siku hizo chache za mbalamwezi, na juu ya zile nyingi ambazo mama hubaki peke yake. Tunauliza swali moja tu: mtoto wa Kikristo wa visiwani huipata wapi imani ya wazazi wake? Wengi watajibu haraka kwamba huipata kanisani na katika mafundisho ya katekista. Sisi tunaamini kwamba huipata kwanza katika yale anayoyaona yakitendwa nyumbani, mwaloni na sokoni, miaka mingi kabla hajaketi kwenye benchi la mafundisho. Na pale anayoyaona yanapopingana na anayofundishwa, mtoto huyaamini macho yake.

Tunawaandikia hasa Wakristo kwa sababu wao ni wengi katika visiwa hivi, na kwa sababu wao wenyewe wameahidi hadharani, siku ya ubatizo wa watoto wao au siku ya kuwaweka wakfu, kwamba watawalea katika imani. Hata hivyo jirani Mwislamu, au mzee anayeshika mila za mababu, hatakuwa mgeni katika maneno haya. Naye ana watoto, na watoto wake wana macho.

Tuanze na jambo linalojulikana na kila mtu. Mtoto anapofikia Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, ukoo mzima hujikusanya. Gauni jeupe hununuliwa, hata ikibidi kukopa. Kuku na mbuzi huchinjwa, ndugu huvuka maji kutoka Mwanza na Bunda, na picha hupigwa kwa simu na kupelekwa kwa walioshindwa kufika. Hatulaumu furaha hiyo. Mtu asiyefurahia neema ya mwanawe ana kasoro moyoni. Lakini yafaa tujiulize nini hufuata baada ya vyombo kuoshwa na maturubai kurudishwa kwa wenyewe. Kama deni la sherehe litamfanya mtoto yule yule arudishwe nyumbani kwa kukosa daftari na sare, basi tumempa siku moja ya heshima kwa gharama ya mwaka mzima wa aibu.

Kanisa lenyewe halikufundisha kwamba imani ni ya siku za sherehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani, na kuwataja wazazi kuwa ndio wahubiri wa kwanza wa watoto wao. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliazimia kuzijenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, ili waumini wakutane katika nyumba zao, wasome Maandiko, na kusaidiana katika shida za kila siku. Kadhalika makanisa ya Kiprotestanti yaliyoenea visiwani, kama Kanisa la Afrika Inland na lile la Waadventista Wasabato, yamekuwa yakisisitiza sala ya nyumbani. Kwa hiyo hakuna muumini awezaye kusema kwamba hakuambiwa. Sote tumeambiwa kwamba nyumba ni kanisa. Tatizo ni kwamba tumelielewa jambo hilo kuwa ni kuleta viti na nyimbo sebuleni, bila kuleta kweli, haki na huruma jikoni na mtumbwini.

Tumfikirie baba mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa ana majina mengi. Jumamosi asubuhi baba huyu huongoza sala katika jumuiya yake. Anajua nyimbo zote kwa moyo, na watu humheshimu. Usiku wa Jumatatu yumo ufukweni akivuta kokoro, wavu ule unaokomba mayai na vifaranga vya samaki, na ambao sheria imeukataza. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja amesimama juu ya jiwe. Kazi yake ni kuangalia, na akiona boti la doria apige mluzi. Mtoto yule hajaambiwa neno lolote baya. Hajatukanwa wala kupigwa. Lakini usiku huo amefundishwa mambo mawili na mtu anayempenda kuliko wote: kwamba sheria ni ya kuogopwa mtu anapoonekana tu, na kwamba Mungu wa Jumamosi hafiki ziwani usiku.

Baba atajitetea kwamba njaa haina sheria. Tunaijua njaa, wala hatuizungumzii kwa dharau. Lakini Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, zinapokataza makokoro na kuvua sangara aliye mfupi kuliko sentimita 50, hazikuwekwa ili kumtesa mvuvi. Sangara mchanga anayevuliwa leo hajazaa, na mtoto aliyesimama juu ya jiwe ndiye atakayelikuta ziwa tupu. Amri ya kutoiba ni ya zamani kuliko Idara ya Uvuvi. Mzazi anayekula akiba ya mwanawe na kumfanya mlinzi wa wizi huo amemwibia mara mbili.

Yasemwayo juu ya baba yasemwe pia juu ya mama, kwa kuwa haki haina upande. Mama muuza dagaa anayebonyeza kitako cha debe ili lijae upesi, au anayeanika mchangani na kuuacha mchanga uongeze uzito, humfanya binti yake shahidi. Na mfanyabiashara kutoka mjini anayekuja na ndoo iliyotanuliwa kwa moto, akijua kwamba wanawake wale hawana pa kupeleka dagaa zao kabla mvua haijanyesha, naye ana watoto wanaomsubiri na zawadi. Vitabu vya Sheria na vya Manabii vinaikemea mizani ya udanganyifu mara nyingi. Ni ajabu kwamba mahubiri yetu huitaja mara chache, ilhali huenda waumini wote waliomo kanisani, siku sita kati ya saba, wako mbele ya mizani, debe au ndoo.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika Injili ya Luka, Yesu aliwauliza wasikilizaji wake juu ya baba ambaye mwanawe amemwomba samaki. Watu wale waliyajua maisha ya ziwa, na alitegemea kwamba hakuna hata mmoja atakayedhani baba anaweza kumpa mtoto nyoka badala yake. Leo swali hilo lina uchungu visiwani. Zipo nyumba za wavuvi ambamo samaki haonekani mezani kwa majuma, kwa sababu aliye bora ameuzwa, na mgawo wa mauzo umeishia kambini kwa pombe, kwa karata na kwa nyumba ya pili ambayo mama hakuambiwa habari zake. Baba anarudi mwezi ukiwa mpevu, mikono mitupu, na sauti kubwa. Sauti hiyo huwa ni ya kuficha mifuko. Mtoto anayeuliza daftari hujibiwa kwa kofi.

Hapo ndipo wengine hukimbilia methali ya wazee kwamba samaki mkunje angali mbichi, wakidhani kuwa imeruhusu fimbo. Nani anajua zaidi juu ya samaki kuliko mtu wa visiwani? Samaki mbichi hakunjwi kwa kupigwa. Hukunjwa kwa mkono wa polepole, mkia ukielekezwa kwenye kichwa, kisha huwekwa juu ya moto wa wastani hadi akauke katika umbo lile. Anayempiga atapata minofu iliyopondeka. Methali ile ilitungwa na watu wenye kujua kazi yao. Inataka mkono uwepo mapema, uwepo mara kwa mara, na uwe mwepesi. Mzazi asiyekuwepo mwezi mzima, akaja siku mbili na fimbo, hajamkunja samaki, amemvunja. Na mtume aliyewaandikia Waefeso, alipokwisha kuwaambia watoto watii, aligeuka mara moja akawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakakasirika. Wazazi wengi wanalijua fungu la kwanza kwa moyo. La pili hulisikia kama maneno ya mgeni.

Aidha, yapo mambo mawili yanayohusu watoto wetu ambayo yanaigusa imani na sheria kwa pamoja, nayo tunawaomba wazazi na watumishi wa serikali wayatafakari kwa dhati.

La kwanza ni mtoto wa kiume kambini. Mtoto hukosa shule wiki ya kwanza kwa kuwa baba anahitaji mtu wa kukomba maji mtumbwini. Wiki ya pili amepewa fedha mkononi, fedha nyingi kuliko alizowahi kuona. Wiki ya tatu hataki tena kusikia habari za mwalimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hukataza kumwajiri aliye chini ya miaka kumi na minne, na hukataza kumpa mtoto yeyote kazi ya hatari, ikitaja waziwazi kwenda baharini. Mtu aliyeiona Viktoria ikichafuka usiku hatauliza kama mawimbi yake ni mapole kuliko ya bahari. Hatusemi mtoto asimsaidie babaye. Mtoto aliyefundishwa kushona nyavu, kupiga kasia na kuanika dagaa wakati wa likizo amepewa urithi. Tunasema kwamba kumtoa darasani na kumtia gizani ili tajiri wa mtumbwi apunguze gharama ya mfanyakazi mzima si malezi wala si msaada.

La pili ni binti aliyepata mimba akiwa mwanafunzi. Hapa ndipo imani ya nyumba nyingi huanguka, kwa sababu hapa aibu hujivika joho la utakatifu. Baba humfukuza binti usiku, mama naye hupigwa kwa kosa la kutomchunga, na wote wawili huamini kwamba wamelinda jina la familia ya Kikristo. Yule mwanamume aliyempa mimba, ambaye mara nyingi ni mtu mzima, huitwa kwa mazungumzo, akalipa ng'ombe au fedha, na mambo yakaisha. Je, ni Injili ipi hiyo inayomfukuza aliyeonewa na kumpokea mwonevu sebuleni? Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya uzazi kurudi katika shule za kawaida. Mlango wa shule umefunguliwa. Itakuwa fedheha kubwa ikiwa mlango utakaobaki umefungwa ni wa nyumba yenye msalaba juu ya kizingiti. Binti yule anahitaji mtu wa kumshika mtoto mchanga asubuhi ili aende darasani. Bibi anayempokea mjukuu wake mikononi saa moja ya asubuhi, bila masimango, ametoa ushuhuda ambao mahubiri mengi hayaufikii.

Watu wa Ukerewe hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mambo haya. Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 na Tanzania Publishing House; mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Ni hadithi ya mume na mke waliokosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na kila mtu anamshauri Myombekere aoe mwingine. Yeye anakwenda kwa wakwe, anajishusha, anakubali kulipa faini ya pombe ya ndizi, na kumrudisha mkewe nyumbani kwa heshima. Ni baada ya hapo ndipo tiba inatafutwa na watoto wanapozaliwa, Ntulanalwo na kisha Bulihwali.

Mambo ya hadithi ile ni ya kale, kabla ya ukoloni, na watu wake si Wakristo. Lakini Mkristo aliyeiandika alitambua jambo ambalo sisi tulio na makanisa mengi tumelisahau: malezi ya mtoto huanza kabla hajazaliwa, katika jinsi mume anavyomtendea mkewe. Mwanamume aliyeweza kutembea hadi kwa wakwe na kukiri kwamba upande wake umekosa alikuwa amekwisha kuwa baba. Ni wangapi kati yetu wanaoweza leo kumwambia mke mbele ya watoto, "Mama Fulani, jana nilikosa, nisamehe"? Tunaogopa kwamba tutadharauliwa. Ukweli ni kwamba mtoto huyajua makosa ya baba yake yote, hata asipotaja. Anachokosa kujua ni kama makosa hayo yana dawa. Mtoto aliyewahi kumsikia baba yake akiomba msamaha ataielewa sala ya toba siku atakapoifundishwa. Yule ambaye hakuwahi kusikia ataikariri kama shairi la shule.

Kisiwa cha Ukara nacho kinatufundisha. Udongo wake ni wa kichanga, ni mwembamba, na watu ni wengi kuliko ardhi. Hata hivyo Wakara wamekula kutoka katika udongo huo vizazi na vizazi, na wataalamu wa kilimo wamekuwa wakisafiri kwenda kuwatazama tangu zama za ukoloni. Siri yao haina uchawi. Hufuga ng'ombe zizini, huwakatia majani, hukusanya samadi, na kuibeba hadi shambani kila msimu. Mtoto hujifunza kazi hiyo kwa kutembea nyuma ya mzazi na kikapu kidogo kichwani. Anayeacha kubeba huona mavuno yakipungua. Ndivyo ilivyo nyumba. Moyo wa mtoto hauwi na rutuba kwa mahubiri makubwa ya mara moja kwa mwaka. Unahitaji kidogo cha kila siku: salamu ya asubuhi, sala fupi kabla ya chakula hata kama chakula ni ugali na chumvi, swali juu ya shule, ahadi iliyotimizwa, neno la kweli lililosemwa siku ambayo uongo ungeleta faida.

Tunajua kwamba tutajibiwa. Mvuvi atasema, "Ninyi mnaoandika magazetini mnakaa na watoto wenu. Mimi nisipokwenda kambini watakula nini?" Jibu hilo ni zito na tunaliheshimu. Hatumwambii mvuvi aache ziwa. Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walikuwa wavuvi, na mzee Zebedayo tunamkuta mtumbwini pamoja na wanawe wakitengeneza nyavu. Tunamwambia tu kwamba umbali si sawa na kutokuwepo. Baba anayemtumia mama mgawo wote ulio halali yao, anayepiga simu Jumapili jioni na kuuliza kila mtoto kwa jina lake, anayefika nyumbani siku aliyosema atafika, huyo yupo, hata kama kitanda chake kimepoa majuma matatu. Na wako waliolala nyumbani kila usiku wa maisha yao ambao watoto wao hawakuwahi kuwa na baba.

Sasa tugeukie upande wa waheshimiwa viongozi na watumishi wa serikali, kwa maana umaskini hauponywi kwa mawaidha. Oktoba 1970, akizungumza na watawa wa Maryknoll katika jimbo la New York, Marekani, Mwalimu Julius Nyerere, naye akiwa Mkatoliki, alilionya Kanisa kwamba lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika ufukara, litakuwa halina maana kwa watu hao. Yaliyokuwa halali kuliambia Kanisa ni halali pia kuyaambia mamlaka. Mzazi wa visiwani hawezi kutimiza wajibu wake kama shule iko ng'ambo ya maji na mtoto anavuka kwa mtumbwi usio na boya la kujiokolea. Hawezi kumpinga tajiri wa kambi kama ofisa anayepaswa kuuliza umri wa mtoto mtumbwini anapita mwaloni akitazama upande mwingine. Mama aliyetelekezwa hawezi kupata matunzo ya wanawe kama kila mara anapokwenda kwa Ustawi wa Jamii anaambiwa arudi wiki ijayo, na nauli ya kivuko ni ya chakula cha siku mbili.

Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Viongozi wa vijiji na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi mialoni wawe na orodha ya wafanyakazi wa kila mtumbwi, na watoto wasiwemo. Vikao vya wazazi shuleni vipangwe siku za mbalamwezi, akina baba wakiwa nyumbani, badala ya kupangwa kwa kalenda ya ofisini ambayo haijui giza wala mwezi. Usajili wa vizazi na huduma za Ustawi wa Jamii zipelekwe visiwa vidogo kwa siku zinazotangazwa mapema. Wilaya ya visiwa 38 haiwezi kuhudumiwa kana kwamba wote wanaishi Nansio.

Na tuseme jambo moja kwa upole lakini bila kuficha. Mtumishi wa serikali naye ni mzazi, na mara nyingi ni muumini. Ofisa anayepokea kitu kidogo ili kokoro lirudi majini, kisha akanunua kwa fedha hiyo mkate wa watoto wake, yuko juu ya jiwe lile lile na yule mtoto wa miaka kumi na mmoja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikiwa kimebeba watu na mizigo kuliko uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafa. Visiwa vyetu bado vina makaburi yale, na bado vina watoto wanaolelewa na shangazi na babu kwa sababu ya siku ile. Kuhesabu abiria ni kazi isiyo na sifa. Hakuna anayempigia makofi mtu aliyesema kwamba chombo kimejaa. Lakini kama kuna mahali ambapo amri ya kumpenda jirani hugeuka kuwa kazi ya ofisi, ni hapo penye ngazi ya kivuko. Na pongezi ziwaendee majirani waliowapokea yatima wale bila kuitisha mkutano wala kungoja kamera. Hao wametuonyesha kwamba imani tunayoizungumzia ipo, wala haihitaji kuletwa kutoka ng'ambo.

Kwa viongozi wa dini tuna ombi fupi. Mnamhoji mtoto kabla ya sakramenti: anajua amri, anajua sala. Mhojini pia mzazi. Aulizwe kama mtoto yumo shuleni, kama mama anapata matumizi, kama wale wazazi wa ubatizo waliosimama naye kanisani wanajua hata jina la mwalimu wake. Na jumuiya zifike kambini. Huko ndiko waliko akina baba, na huko Jumapili hupita kama Jumanne. Mchungaji anayewangoja kondoo wake kisiwani Ukerewe ilhali wamepiga kambi kwenye miamba ya mbali atahubiria akina mama na watoto hadi atakapostaafu.

Baada ya siku chache mwezi utapevuka tena, na mitumbwi itavutwa mchangani. Baba atashuka akiwa na mfuko wake begani, na mtoto aliyekuwa akiutazama mwezi kwa majuma mawili atakimbia njiani kumpokea. Hatajali sana kilichomo mfukoni. Atautazama uso wa baba, kisha uso wa mama baba atakapoingia ndani, na kutokana na nyuso hizo mbili atajua, kabla ya mtu yeyote kumweleza, Mungu wa nyumba ile ni wa namna gani.

Shime, wazazi. Na shime, viongozi. Siku za mbalamwezi ni chache.